Sakafu ya Bwana Shauri

Enzi zile za Mwingereza, katika Same nzima hapakuwa na mtu aliyejisikia kama Asheri wa Myamba, na kilichomvimbisha kichwa hakikuwa ng'ombe wala shamba. Kilikuwa lami. Tena lami yenyewe haikuwa yake.

Ilikuwa ya Bwana Shauri, ndivyo watu walivyomwita mkuu wa wilaya. Kutoka barabara kubwa hadi nyumbani kwake kulikuwa na kinjia cha vumbi kilichopanda kilima kidogo, kikapita kando ya maua na kuishia barazani. Gari likipita, vumbi lote linaingia sebuleni, na mke wa Bwana Shauri anakohoa hadi anatoa machozi. Basi mwaka ule wakaja watu wa barabara na mapipa yao, wakamwaga kokoto na lami ya moto, wakashindilia, na kinjia kikageuka cheusi, kinang'aa. Watu walitoka sokoni kuja kukitazama.

Nyapara wa kazi ile, Salimu, mtu wa Tanga, alipokuwa anapakia vyombo vyake kuondoka alimwita Asheri, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akimwagilia maua tu.

"Lami mpya ni mtoto mchanga," alimwambia. "Gari lisigeuzie magurudumu hapohapo liliposimama, litaichuna. Ng'ombe, mbuzi, mkokoteni, marufuku. Jua likiwaka utaona inatoa jasho jeusi. Hapo mwagia mchanga mwembamba. Oili ikidondoka futa mara moja, maana oili inaila. Ikitoboka, ziba siku hiyohiyo, usingoje tundu liwe shimo. Na mchana kweupe mtu asiikanyage, itamnata. Ikimnata mtu asiibandue, atatoka na ngozi. Maji baridi kwanza, halafu mafuta."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ikomae. Utaijua mwenyewe."

Mwingine angepokea kazi ile akasema ahsante. Asheri alipokea cheo. Alipewa koti la kaki, fagio la chelewa, ndoo ya mchanga na debe la lami ya kuzibia, na kuanzia hapo mdomo wake haukupumzika. Wachungaji wa mbuzi aliwafukuza. Akina mama wenye kuni walizungushwa hadi kwenye miiba. Kila aliyesogea alipigiwa kelele kwa sauti iliyofika bomani, na makarani huko wakajitokeza madirishani kucheka. Kucheka kwao Asheri alikuhesabu kuwa ni sifa.

Kisha akamfanyia hivyo mkewe.

Ruthi alikuwa akimletea chakula cha mchana kila siku, mtoto wao Sefania mgongoni. Siku moja alikata njia, akapita juu ya lami hatua chache tu, sufuria mkononi. Mtu mwenye akili angemwendea akamnong'oneza. Asheri alimpigia kelele mbele ya makarani na askari: "We mshamba we! Hujui unakanyaga wapi? Rudi kwenu milimani ukakanyage mavi ya ng'ombe!"

Makarani walicheka kweli siku hiyo. Ruthi aliiweka sufuria majanini, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwaga mchuzi, akageuka. Asheri aliporudi jioni alikuta chumba kimefagiwa na nguo za mkewe hazipo.

Mwanzoni alijifanya hajali. Aliwaambia watu kwamba mwanamke hurudi akichoka. Lakini ugali wa kujipikia mwenyewe ukamkinaisha, na kile chumba kisicho na kilio cha mtoto kikamshinda kulala. Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba kila akikumbuka namna Ruthi alivyoiweka ile sufuria, uso ulimwaka moto akiwa peke yake. Akamtafuta Andrea, mchuuzi wa samli aliyekuwa akipanda na kushuka milima, akamtuma kwa mama mkwe wake.

"Mwambie Mama Ruthi nimekosa. Mwambie mdomo wangu nimeutia kufuli. Ruthi akirudi hatasikia tena neno baya kutoka kwangu, wala yeye wala mtu mwingine yeyote. Na umwambie kazi yangu ni ya heshima. Natunza sakafu mpya ya Bwana Shauri."

Alisema sakafu, hakusema barabara. Angesemaje barabara? Kule Myamba, milimani kwao, ukiwaambia watu kwamba unalinda njia watakuuliza nani anataka kuiiba. Lakini sakafu kila mtu anajua inavyotunzwa, na Mama Ruthi kuliko wote. Nyumba yake ilijulikana milima yote ile kwa sakafu. Kila Jumamosi aliisiriba kwa samadi na udongo, akailainisha kwa kiganja, na hakuna aliyeikanyaga na viatu, hata mchungaji wa kanisa. Siku Asheri alipokwenda kuposa, alikuwa na buti mpya alizojinyima kuzinunua, na washenga wake walimtaka aingie nazo ili zionekane. Alifika mlangoni, akaona ile sakafu bado ina unyevu, akainama akazivua. Mama Ruthi alisema hapohapo kwamba binti wamchukue. Mahari ilizungumzwa baadaye.

Andrea alirudi na jibu fupi. "Amesema amesikia."

"Amesikia tu?"

"Amesikia tu. Mimi usinihoji, mimi ni mtu wa samli."

Asheri akabaki na hilo neno. Mama Ruthi akisema amesikia, hajakubali wala hajakataa, na mtu anangoja. Alingoja, na ukweli usemwe, siku za kwanza alijitahidi. Wapita njia aliwaambia "pisheni kidogo, jamani," hadi wakashangaa. Kisha ikaja siku ya wageni.

Bwana Shauri alikuwa anategemea wakubwa kutoka Moshi waje kunywa chai saa kumi, na tangu asubuhi alikuwa ameshasema mara kadhaa kwamba lami iwe safi. Jua la siku hiyo halikuwa na huruma. Ilipofika mchana, lami ilikuwa inatoa jasho kila mahali, na Asheri alikuwa anakimbia huku na huku na ndoo ya mchanga, koti limemganda mgongoni. Huku anaziba, kule kunavuja. Bwana Shauri alikuwa ameshaondoka kwenda ofisini, nyumba ina mpishi tu, mke wa Bwana yuko Lushoto. Asheri aliponyoosha mgongo kufuta jasho, akamwona mwanamke.

Alikuwa anapanda katikati ya lami. Si pembeni, katikati hasa. Kanga ameivuta usoni kwa ajili ya jua, kikapu kichwani, viatu vyake vya matairi kavishika mkononi, na miguu mitupu anainyanyua upesiupesi. Nyuma yake nyayo zimejichora kutoka chini mpaka alipofika.

Kufuli la mdomo likakatika.

"We mwanamke! We mshamba we! Macho huna? Viatu unavyo mkononi unakuja kunichafulia kwa miguu yako ya milimani! Simama! Simama hapohapo, usisogeze hata unyayo! Umeshaharibu, unataka uharibu zaidi? Nani kakufundisha kutembea, mbuzi?"

Yule mwanamke akasimama. Alipokuwa anatembea lami ilimuunguza tu. Aliposimama ikamshika. Lakini alikuwa ameambiwa asisogee na hakusogea, na Asheri alimwendea kwa mwendo wa mwenye mali, anazunguka kwenye majani ili asiache alama, bado anafoka. Alipokaribia, mwanamke akaishusha kanga usoni.

Alikuwa Mama Ruthi.

Asheri alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya hapo watu wa barabara walikuwa wameishindilia vizuri. Alipiga magoti majanini, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alisema Mama Ruthi, sauti yake ya kawaida kabisa. "Nitoke sasa, au bado nisimame?"

"Toka, mama. Toka. Nisamehe, toka."

Alitoka kwa taabu, lami ikimvuta kila hatua, akaenda akaketi kwenye kivuli cha ukuta wa jiko. Alinyoosha miguu mbele yake, akatazama nyayo zake zilivyokuwa nyeusi kutoka kisigino hadi vidoleni, na kokoto ndogondogo zimekwama humo.

"Nilisikia ni sakafu mpya," alisema, na alikuwa kama anajieleza kwa mtu aliyemkosea. "Siku ile ulivua viatu kwangu. Nikasema na mimi nivue kwako. Sikujua kwamba sakafu ya wazungu huwa na moto."

Asheri alikimbilia jikoni kwa Fanueli. Huyu mpishi alikuwa Mgweno kutoka kijiji cha Kighare, mtu mcheshi, na alikuwa ameegemea mlango akicheka tangu makelele yalipoanza.

"Leo umempata wa kumkomesha, eh?"

"Ni mkwe wangu, Fanueli. Mama yake Ruthi."

Kicheko kikamkauka Fanueli mdomoni. Alitoa beseni la maji baridi, kitambaa na bakuli la samli, akayaweka mikononi mwa Asheri bila kumtazama usoni, akarudi kwenye moto wake.

Asheri aliviweka vitu mbele ya mkwewe, akarudi nyuma kama desturi inavyotaka. Mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe. Wakikutana njiani humpisha akaingia porini, hali chakula mbele yake, na mkono wake hata kuugusa haugusi. Alisimama mbali, uso ameugeuzia milimani, akawa anaelekeza.

"Maji kwanza, mama. Usibandue. Halafu upake mafuta, ulainishe polepole."

Alisikia maji yakimwagika. Kisha akasikia mkwewe akihema, na kuhema huko kukaendelea. Aligeuka kidogo. Mama Ruthi alikuwa mtu mzima, mgongo wake ulikuwa umechoka kwa miaka ya kusiriba, na mikono haikufika chini ya nyayo. Mwanamke mwingine hapakuwa na hata mmoja.

"Ningemwita mtu, mama, lakini..."

"Lakini nini?"

"Mimi ni mkwe. Siwezi kukushika."

Mama Ruthi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Matusi umeniweza," alisema. "Miguu ndiyo itakushinda?"

Asheri alikuja. Alipiga magoti, akauchukua mguu wa mama mkwe wake mikononi. Alipaka samli, akasugua kwa kitambaa, akatoa kokoto mojamoja. Chini ya lami ngozi ilikuwa imefanya malengelenge. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimepinda juu ya mwenzake, na alijiona mwizi kwa kukijua. Machozi yalimdondoka kwenye bakuli, akaendelea kusugua, wala hakuthubutu kuomba msamaha tena, kwa kuwa msamaha alishautuma kwa Andrea, na umeishia kwenye matusi haya.

Akiwa kwenye mguu wa pili, gari la Bwana Shauri likapanda. Lilipanda polepole, likasimama katikati, na Bwana Shauri akashuka, akainama, akatazama chini. Kisha akaja mpaka ukutani, uso mwekundu.

"Asheri! Nani nakanyaga lami yangu?"

Hapo palikuwa na jibu moja la maneno machache, na Asheri alikuwa nalo mdomoni. Ni mkwe wangu, Bwana, kosa ni langu. Lakini aliliona koti la kaki likivuliwa. Alijiona anapanda milima mikono mitupu, Ruthi akimwuliza ile kazi ya heshima iko wapi. Akamwona pia mzungu akimtazama yule mama wa miguu mitupu na kanga iliyopauka, kisha akimtazama yeye. Na hilo la mwisho, Mungu anajua, ndilo lililomfunga ulimi.

"Mpita njia tu, Bwana," alisema. "Mama mmoja wa milimani, hajui kitu. Simjui."

Alisema hivyo mguu wa mkwewe ukiwa ndani ya viganja vyake. Aliusikia mguu ukikaza kidogo, kisha ukalegea.

Bwana Shauri alitazama beseni, akatazama kitambaa, hasira ikampungua. "Simjui, na wewe nasafisha miguu yake," alisema. "Vema, Asheri. Vema sana. Wewe mtu mzuri." Akamwambia nyayo zote zizibwe kabla ya saa kumi, akaingia ndani.

Hakuna kipigo ambacho Asheri asingekichagua badala ya sifa ile. Alimaliza mguu akiwa ameinamisha kichwa. Mama Ruthi alivaa viatu vyake, akasimama kwa kushika ukuta, akaweka kikapu chini mbele yake.

"Ndizi za kwako, baba. Ahsante kwa mafuta."

Alikwenda kwa kupita majanini, mbali kabisa na lami, akichechemea. Hakusema kilichomleta, na Asheri hakuwa na uso wa kumwuliza. Alijua tu kwamba yule mama alikuwa ameshuka milima yote ile ili aone kama kufuli lipo, na ameona.

Akawasha moto, akachemsha lami kwenye debe, akaanza kuziba kutoka juu kwenda chini. Kila unyayo aliumiminia kidogo, akashindilia kwa kipande cha ubao, akanyunyiza mchanga. Pale mkwewe alipoambiwa asimame, nyayo zilikuwa zimezama kuliko zote, na aliziacha za mwisho kwa sababu hakuweza kuzitazama. Alikuwa na hakika kwamba Ruthi amekwisha kumpotea. Alichowaza ni jinsi habari itakavyopokelewa Myamba: Asheri kamtukana mkwe, kamwunguza, kisha kamkana.

Jua lilikuwa limeanza kulegea alipomwona mtu amesimama chini, ukingoni mwa lami. Alikuwa Ruthi. Sefania alikuwa amelala mgongoni, na kichwani Ruthi alikuwa na mzigo wa nguo. Asheri aliteremka mbio, debe mkononi, akasimama mbele yake asijue afanye nini.

"Umetoka wapi?"

"Tuko hapa Same tangu jana, kwa shangazi, pale sokoni. Mama alisema ningoje, atangulie yeye aone kwanza. Akipenda nije, asipopenda turudi na lori." Ruthi alikuwa anatazama chini, lakini kona za midomo yake zilikuwa zinakataa kutulia. "Ameniambia nije."

"Amekuambia uje?"

"Anasema alikanyaga lami ikamnata miguu. Anasema uliacha kazi, ukapiga magoti, ukamwosha kwa mikono yako, wewe mkwewe, na mzungu amesimama hapo anatazama, wala hukuona haya." Alinyanyua macho. "Baba Sefania, mimi nililia. Sikujua kama una moyo huo."

Wala hukuona haya. Asheri aliyasikia maneno hayo yakimwingia mojamoja, na alijua kwamba Mama Ruthi aliyachagua akijua yatamfikia nani.

"Hakusema jingine?"

"Kuna jingine?"

Asheri angeweza kunyamaza, na mkewe angepanda naye, na mtoto angelia chumbani usiku huo, na Mama Ruthi asingelisema kamwe, maisha yake yote. Ruthi naye alikuwa ameshaanza kuitazama lami mbele yake, akitafuta pa kuweka mguu. Akaziona kwa juu zile nyayo mbili zilizobaki, za miguu mitupu. Akaushika mzigo kwa mkono mmoja, akainama, akavua kiatu.

"Usivue!"

Ilitoka kwa sauti ileile. Ruthi alirudisha mguu upesi, kiatu kikiwa mkononi, na furaha yote ikamtoka usoni.

"Nimekosea tena?"

"Hapana," alisema Asheri. Aliweka debe chini, akampitisha majanini mpaka kwenye nyayo zile, akamwonyesha unyayo wa kushoto ulivyozama, na alama ya kidole kidogo kilichopanda juu ya mwenzake. Ruthi alikitambua kidole kile, na akamtazama mumewe, akingoja.

Basi Asheri akasema yote. Alianza pale aliposema "we mshamba we," hakuruka hata neno, akafika kwenye "simama hapohapo," akafika kwenye "simjui." Alisema kwa ile sauti aliyozoea kuwatukania watu, maana nyingine hakuwa nayo, na Fanueli jikoni alisikia kila kitu, na makarani bomani wakajitokeza madirishani, na safari hii hakuna aliyecheka. Gari la wageni lilikuwa limeshakata kona kutoka barabara kubwa. Ruthi alisikiliza mpaka mwisho, kiatu kimoja mkononi na mzigo bado uko kichwani.